Sindano ya Tatu ya Marsiana

Marsiana alikuwa ameshaamua: sindano ya tatu hachomwi.

Siyo kwamba aliogopa. Mwanamke aliyelala miaka mingi juu ya saruji ya Sumbawanga, mji ambao baridi yake ya mwezi wa saba inauma mpaka kwenye fizi, haogopi kitu chenye ncha ndogo namna ile. Zile mbili za kwanza alichomwa akiwa wa mbele kabisa, huku akimwambia tabibu kwamba ana mkono mwepesi kama wa mtu aliyezoea kuiba mayai. Tatizo ni kwamba ya tatu ndiyo ya mwisho. Akichomwa hiyo, tabibu anafunga kisanduku chake anaondoka, na Marsiana anabaki bila mtani wa kumzika.

Hili la kuzikwa lina maelezo yake.

Pale kwenye soko la mazao kuna duka na ghala la Muhidin, lenye baraza refu linalotazama jua la asubuhi. Usiku baraza lile ni nyumba ya watu wasio na nyumba. Muhidin hakuwahi kuwakaribisha na hakuwahi kuwafukuza. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba akija kufungua duka akute pamefagiliwa na magunia ya kulalia yamekunjwa. Wanaume wa pale walibeba mizigo kwenye malori. Marsiana alifagia mahindi na ulezi uliomwagika wakati wa kupakia, akaupeta, akatoa mawe, akauza kwa kopo. Alikuwa ametoka kijijini kwake Milepa baada ya mume wake kufa na shemeji zake kugundua ghafla kwamba nyumba ilikuwa yao. Hakupenda kulizungumzia hilo. Alipenda kuzungumzia mambo ya watu wengine.

Jirani yake pale barazani alikuwa mzee mmoja, Felisian. Mwaka juzi macho ya Felisian yaligeuka njano, tumbo likajaa, miguu ikabaki kama vijiti vya kuchochea moto. Ini, walisema hospitali. Alipokufa, hakuna ndugu aliyejitokeza, manispaa wakamzika. Marsiana alikwenda. Alikuta vijana wa kuchimba na katekista aliyekuwa anaangalia wingu la mvua zaidi kuliko kitabu chake. Wakamshusha, wakafukia, wakaondoka. Hakuna aliyesema kitu.

Huo ukimya ndio uliomkaa Marsiana kooni. Yeye alikulia mahali ambapo mtu akifa watani wanakuja. Wanajilaza kaburini wakidai walipwe ndipo watoke. Wanamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, alivyokuwa anakula kwa pupa, alivyokuwa anawakimbia wanaomdai pombe. Waliofiwa wanacheka machozi yakiwatoka, na kila mtu anajua kwamba aliyekufa alikuwa mtu, alikuwa na tabia zake, alionekana. Felisian alikuwa na mwendo wa kuigizwa kabisa, mguu mmoja unakwenda sokoni mwingine unarudi. Na hakuna aliyeuigiza. Alifukiwa kama mtu anafukia takataka.

Tangu siku hiyo Marsiana aliogopa kitu kimoja tu, nacho ni kuzikwa kimya.

Ndipo akaja Faruk.

Faruk alikuwa tabibu, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye miguu mirefu ya korongo na sauti ya upole. Alikuwa ametumwa na mradi wa utafiti. Walitaka kujua, kati ya watu wasio na makazi, ni wangapi wanaishi na virusi vya homa ya ini bila kujua, na wengine wakipewa chanjo, ni wangapi watafika mwisho. Kwanza unatoa damu kidogo. Ukikutwa na virusi unapelekwa kliniki. Ukikutwa huna, unachomwa leo, unachomwa mwezi ujao, halafu unasubiri mpaka masika yapite unachomwa ya mwisho. Wakubwa wa mradi walikuwa na wasiwasi wao tangu mwanzo. Mtu wa barazani, walisema, leo yuko hapa, kesho yuko Muze anavuna mpunga, utampata wapi wa kumchoma mara tatu?

Siku ya kwanza, Faruk alichuchumaa mbele ya Marsiana na maswali yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kabla hujaniuliza, mimi nakuuliza. Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi. Wa Tabora."

Marsiana aliweka ungo chini. "Mtani."

"Mama, Wanyamwezi na nyie Wafipa tumeanza utani lini?"

"Nyie mna utani na kila mtu mliyempitia mlangoni na mizigo ya watu kichwani. Hapa hamkupita?"

Faruk alifikiri. "Tutakuwa tulipita."

"Basi." Akanyoosha mkono, akamvua kofia yake ya sufu, akaivaa yeye.

Mtani haombi, anachukua, na aliyechukuliwa hana pa kwenda kushtaki. Faruk alimaliza kazi asubuhi ile masikio yakimuuma kwa baridi. Lakini kesho yake alirudi na kisasi chake. Alichukua ungo, akabana midomo, akabinua makalio, akawa anapeta mahindi huku anasema, kwa sauti ya Marsiana kabisa, kwamba huyu jirani yetu wa duka la pili sitaki kumsema, ila mke wake. Barazani watu walicheka mpaka Muhidin akachungulia dirishani.

Marsiana alicheka kuliko wote. Na ndani ya kile kicheko aliwaza: huyu ndiye atakayenizika vizuri.

Sasa masika yalikuwa yamepita, baridi imekamata, na Faruk alikuwa amerudi kwa ile ya mwisho. Baada ya wiki hii mradi ungehamia mkoa mwingine. Marsiana hakuwa mjinga. Alijua akigoma, jina lake litabaki wazi, na kijana mwenye bidii namna hii hawezi kuondoka akiacha jina wazi. Kwa hiyo Jumatatu mkono ulimuuma. Jumanne aliota ndoto mbaya. Jumatano alijificha nyuma ya rundo la magunia, na angefanikiwa kama asingeshindwa kujizuia kumjibu mtu aliyekosea bei ya ulezi.

Ubaya ni kwamba baraza zima lilimfuata. Adriano, kuli mwenye mabega ya ng'ombe ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa wanaume, alimweleza Faruk waziwazi.

"Daktari, sisi hatuna neno. Ila mama ndiye mkubwa hapa. Mara zote mbili alianza yeye. Hatuwezi kumruka."

"Kwa hiyo mnaogopa kumruka kuliko kuumwa ini?"

"Ini silijui," alisema Adriano. "Huyu mama namjua."

Alhamisi asubuhi Faruk hakufungua hata kisanduku. Alipindua debe tupu, akalikalia, akamtazama Marsiana aliyekuwa anaota jua na masweta yake matatu.

"Mtani, niambie ukweli. Mkono hauumi."

"Hauumi."

"Ndoto hukuota."

"Niliota, lakini nilikuwa nakula samaki."

"Sasa nini? Felisian aliwahi kukaa hapo ulipo. Wewe mwenyewe ndiye uliyenieleza alivyokufa. Mbili peke yake siyo chanjo iliyokamilika, nimeshakwambia. Unataka na wewe macho yageuke ndizi mbivu?"

Marsiana aliinamia ungo wake. Alichagua punje moja ya mahindi, akaitazama, akairudisha. Halafu akamweleza, bila kuzungusha, kwa sababu mtani ndiye mtu anayeweza kuambiwa. Akamweleza kaburi la Felisian na ule ukimya. Akamweleza kwamba yeye hana mtoto, ukoo wake umemsahau, na mtu pekee mjini hapa mwenye wajibu wa kuja kumcheka akifa ni Mnyamwezi mmoja mwenye miguu ya korongo. Na huyo Mnyamwezi anataka kumchoma sindano ili aondoke zake.

Faruk alikuna kidevu. Angeweza kusema uongo, na wengine wangesema. Angemwambia nitakuja, mama, popote nitakapokuwa. Lakini alikuwa amemwona yule mama akikagua mahindi. Alijua bovu halipiti.

"Mimi Jumamosi nakwenda Dodoma," alisema. "Baada ya hapo sijui watanituma wapi. Nikisikia umekufa nitahuzunika sana. Lakini mpaka nipande basi nifike huku, utakuwa umeshazikwa na wameshakula na maharage ya matanga."

"Ndiyo maana sichomwi."

"Ukikataa, sitabaki. Nitaandika kwamba mama mmoja alikataa, na nitaondoka vilevile Jumamosi. Utakosa chanjo na mtani, vyote viwili."

Hilo Marsiana hakuwa amelifikiria. Lilimuuma, na alipoumwa alikuwa na tabia ya kuuma na yeye. Alikuwa amejifunza salamu moja ya Kinyamwezi kutoka kwa Faruk, na aliitumia kila asubuhi kumkebehi. Sasa akaitumia kumfukuza.

"Haya, mwangaluka zako, nenda Dodoma. Mwangaluka, mwangaluka."

"Siyo hivyo," sauti ilisema nyuma yao. "Unaisema kama mtu aliyeungua ulimi kwa ugali."

Wote waligeuka. Kwenye kiti cha plastiki, mlangoni mwa duka, alikuwa amekaa Bi Mwanamvua, mama yake Muhidin. Kwa kawaida bibi huyo hakuonekana sokoni. Alikaa nyumbani na wajukuu. Lakini wiki ile nyumba ilikuwa baridi kama kisima, na mwanawe alikuwa akimleta dukani kila asubuhi apate jua la barazani. Watu walimdhania kiziwi, kwa sababu siku zote alinyamaza.

"Shikamoo, bibi," alisema Faruk. "Mwangaluka."

Bi Mwanamvua akamjibu. Siyo neno moja tu. Alimjibu kwa Kinyamwezi kirefu, kikimwagika kama gunia lililopasuka, na Faruk akasimama kutoka kwenye debe, akaenda kupiga goti mbele yake, wakaulizana kwao wapi na kwa nani. Marsiana alitazama mdomo wazi.

Muhidin alitoka ndani na kalamu sikioni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, kanzu safi, ndevu zilizopigwa mkasi vizuri, mtu asiyetumia maneno mawili pale ambapo moja linatosha.

"Mama, kuna nini?"

"Nimempata mtoto wa kwetu. Wa mtaa wa Ng'ambo palepale Tabora, karibu na nyumba niliyozaliwa."

"Mama," alisema Muhidin, akiwatazama watu wa barazani, "sisi watu wa Ujiji. Kwa asili Waarabu."

"Mwarabu gani?"

"Si marehemu baba alikuja na lori la Mwarabu..."

"Alikuja nalo ndiyo. Alikuwa utingo. Mwarabu alikuwa tajiri wake." Bi Mwanamvua alivuta shali yake vizuri. "Baba yako Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mnyamwezi wa Tabora. Wewe ukipenda kuwa Mwarabu mbele ya wateja sikukatazi, biashara ni biashara. Lakini usiniambie mimi. Mimi nilikuwepo."

Adriano alijifanya anakohoa. Wanaume wengine wakaanza kukunja magunia ambayo yalikuwa yameshakunjwa.

Marsiana alimtazama Muhidin kuanzia viatu mpaka kofia. Miaka yote hiyo alikuwa akimpisha njia. Alikuwa akimwita tajiri, akifagia mpaka kwenye nyufa ili asimuudhi. Alikuwa akilala nje ya mlango wa mtani wake kama mgeni.

"Kumbe," alisema polepole. "Kumbe na wewe wa mizigo kichwani."

Muhidin akamtazama Faruk kama mtu anayeomba msaada. Faruk alikuwa anatabasamu vibaya sana.

"Kaka Muhidin," alisema, "huyu mama ana shida, na shida yake inakuhusu." Akamweleza yote kwa kifupi: kaburi la Felisian, ukimya, sindano ya tatu, Dodoma. Kwa Muhidin ilikuwa habari mpya. Felisian alikufa barazani kwake nusu, nusu hospitali, na yeye siku ya mazishi alikuwa amekwenda Muze kununua mpunga. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mimi nina kazi nyingi," alisema mwishowe. "Utani siujui. Sijawahi kutania mtu."

"Hilo ni kweli," alisema Bi Mwanamvua. "Tangu mtoto. Mimi ningekuwa mtani wako, Marsiana, na ningekufurahisha."

"Asante, mama. Lakini samahani, wewe ndiye utakayetangulia. Nitakuwa nimepata mtani wa kumzika, siyo wa kunizika."

Bi Mwanamvua alicheka mpaka akakohoa. "Mnaona? Huyu anajua. Muhidin, mjaribu mwenzio."

"Nimjaribu nini?"

"Mtukane."

Muhidin akasafisha koo. Baraza lote likamgeukia kumsubiri, na mwendesha bodaboda aliyekuwa anapita akazima pikipiki yake asikose.

"Wewe Marsiana," alisema Muhidin. "Wewe huna adabu."

Marsiana akamgeukia Adriano. "Hilo ni tusi au karipio?"

"Karipio," alisema Adriano. "Aliniambia hilohilo juzi nilipoangusha gunia, na alimaanisha."

"Achaneni naye," alisema Marsiana. Alijaribu kulisema kwa mzaha, lakini sauti ilimkatikia katikati. Akaokota ungo wake. "Mtu hawezi kulazimishwa. Mwacheni tajiri arudi dukani kwake."

Muhidin hakuingia ndani. Alibaki amesimama, kalamu ameitoa sikioni, anaigeuzageuza. Alikuwa mtu anayefikiri taratibu, kama anavyopima mahindi, mpaka mizani itulie.

"Ulikuwa unataka nini hasa?" alimuuliza.

"Nilikuwa nataka kujua, nikifa, utakuja au hutakuja."

"Utakufia barazani kwangu. Unadhani nitakwenda wapi?"

Marsiana akauweka ungo chini.

"Nitakuja," Muhidin aliendelea, na uso wake ulikuwa uleule wa kukataa punguzo la bei. "Lakini sanda sileti. Sanda ni hasara. Wewe bila gunia hupati usingizi, hata huko utasumbua wenzako. Nitaleta gunia." Akayatazama yale masweta matatu, moja juu ya jingine, na khanga juu yake. "Na kwa nguo zote hizo, gunia la kawaida halitafunga. Itabidi tukufunge lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, kama viazi vya magendo. Tutakamatwa na watu wa vipimo na maiti mkononi."

Kwa muda hakuna aliyeamini kilichotoka kinywani mwa mtu yule. Halafu Adriano akakaa chini palepale kwenye saruji, kichwa mikononi, mabega yanatikisika. Mwendesha bodaboda akaegemea pikipiki yake. Bi Mwanamvua alikuwa anapiga paja kwa mkono na kusema, kwa lugha mbili, kwamba huyu ni mwanawe, huyu kweli ni mwanawe. Muhidin mwenyewe alionekana kushtuka kidogo, kama mtu aliyefungua stoo yake akakuta mzigo asiokumbuka kuununua.

Marsiana alicheka mwisho, na alicheka kwa muda mrefu. Alifuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akaanza kuvua sweta la kwanza, akavua la pili, akakunja mkono wa la tatu mpaka begani, akamnyooshea Faruk bila kumtazama. Alikuwa na jambo muhimu zaidi la kufuatilia.

"Gunia jipya," alimwambia Muhidin. "Sitaki lenye matobo."

"Jipya ni la mahindi. La marehemu ni la zamani."

"Mtani gani bahili namna hii?"

"Mwarabu," alisema Bi Mwanamvua.

"Tulia hapo, mama," alisema Faruk, akipangusa bega kwa pamba. Akachoma, akachomoa, akatupa sindano kwenye kisanduku cha sindano zilizotumika.

"Na kuniigiza je, unaweza?" Marsiana aliendelea. "Kupeta, kwa mfano. Huyu kijana anaweza sana. Mwambie akufundishe kabla hajaondoka."

"Wateja wananisubiri."

"Ana siku mbili tu hapa. Chukua ungo."

Muhidin alitazama kulia, akatazama kushoto. Sokoni malori yalikuwa yameanza kuwasha injini, na kweli wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni, lakini hawakuonekana kuwa na haraka yoyote ya kununua. Akauchukua ule ungo kwa mikono miwili, mbali na kanzu yake, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake.

"Makalio nyuma zaidi, kaka," alisema Faruk. Kisha akafungua chupa nyingine ya chanjo na kumwita Adriano, ambaye alikuwa bado chini, hawezi kusimama.